Kamera Kuukuu Ina Kazi

Muhula uliopita baraza la shule yetu liliulizwa swali moja ambalo mpaka leo halijapata jibu: Je, mwanafunzi wa bweni aweza kuruhusiwa kuwa na kamera? Wengine walisema ndiyo, wengine walisema la, kisha kengele ya chakula ikalia na sote tukatoka. Hapana mjadala uwezao kushindana na harufu ya maharage. Kwa kuwa kamera iliyoleta ubishi ule ni yangu, naomba nafasi katika gazeti letu nieleze maoni yangu kwa utulivu. Sisemi kwa hasira, wala simsemi mtu.

Kamera yenyewe ni Canon PowerShot A520, iliyotoka kiwandani mwaka 2005, yaani imenizidi umri. Mjomba wangu wa Muleba aliitumia kwa kupiga picha za harusi na kipaimara, mpaka wateja wake waliponunua simu wakaanza kujipiga wenyewe. Ndipo akanipa, akasema, "Mjomba, hii haina kazi tena, labda wewe utaipatia." Inatumia betri mbili ndogo kama za redio. Lenzi yake huvuta kitu karibu mara nne tu, na picha yake ina nukta milioni nne. Haipigi simu, haipokei ujumbe, haiingii katika intaneti, na haina mchezo wowote ndani yake.

Mwalimu wa biolojia aliniruhusu kuitumia Jumamosi alasiri kwa kupiga picha za ndege. Mwalimu yule alipohamishwa, ruhusa yake ilihama pamoja naye. Julai 2025 kiranja aliikuta ndani ya sanduku langu, akaipeleka kwa mwalimu wa zamu, nayo ikakaa kabatini hadi tulipofunga shule. Simlaumu kiranja, maana sheria yakataza simu, na kifaa chenye kioo cha kung'aa hufanana na simu machoni pa mtu mwenye haraka. Lakini kufanana si kuwa kitu kimoja. Panga na kisu vyote vyakata, wala hatumenyi ndizi kwa panga.

Wako wasemao kwamba kamera ya namna hii imepitwa na wakati, na kwamba mtu apendaye picha za ndege angoje apate iliyo bora. Mimi nasema angojaye hivyo atazeeka akingoja. Picha yangu moja yaweza kuchapwa kwa upana wa sentimeta 19, na hiyo ni karibu sawa na upana wa ukurasa huu. Tena simu ya bei nafuu haina lenzi ya kuvuta mbali. Hukuza tu, na ndege akawa kama doa la wino.

Kweli, kamera hii ina udhaifu, nami sitauficha. Ukibonyeza kitufe hukaa kidogo ndipo ipige, na katika kukaa huko ndege amekwisha ruka. Wiki za kwanza nilipata picha nyingi za matawi matupu. Ndipo nilipojifunza kubonyeza nusu, nikaiacha lenzi imshike ndege vizuri, kisha nikangoja. Na ili kungoja kuwe na faida, imenibidi nimjue ndege kwanza. Mdiria mweusi na mweupe wa ziwani husimama hewani mahali pamoja, akipiga mabawa na kutazama chini, kisha hujitupa majini kama jiwe. Huwezi kumfuata kwa kamera kama hii. Lakini akipata samaki mara nyingi hurudi katika kijiti kile kile kumla. Basi mimi simfuati mdiria, nakifuata kijiti.

Kadhalika nimejifunza habari ya jua. Mji wetu wa Bukoba uko upande wa magharibi wa ziwa, kwa hiyo asubuhi jua huchomoza majini, nyuma ya kisiwa cha Musira. Ukipiga picha kuelekea ziwani saa moja asubuhi, ndege wote watatoka weusi kama kunguru. Alasiri jua likiwa mgongoni mwako, furukombe huonekana hata rangi ya miguu yake. Mambo haya sikuyasoma katika kitabu. Kamera dhaifu imenilazimisha kuyajua. Labda kamera yenye nguvu ingenisamehe uvivu wangu.

Sasa mtu ataniuliza, "Ndege wana faida gani hata upoteze Jumamosi yako?" Nitamjibu kwa habari ya mji wetu wenyewe. Boma la Bukoba lilianzishwa Novemba 1890 na Mjerumani aliyeitwa Eduard Schnitzer, ajulikanaye na wengi kama Emin Pasha. Sisi humsoma katika historia kama mjumbe wa utawala wa Wajerumani, na ndivyo alivyokuwa. Lakini alikuwa pia daktari na mpenzi mkubwa wa ndege. Mahali pengi alipokaa katika nchi hizi aliwaua ndege kwa bunduki, akawachuna, akapeleka ngozi zao Ulaya. Mwaka 1880, kabla hajafika huku, mtaalamu Gustav Hartlaub alimpa shomoro mmoja wa rangi ya kahawia jina la Kilatini Passer eminibey, kwa heshima yake. Emin aliuawa Kongo mwaka 1892, lakini shomoro angali akiitwa kwa jina lake.

Nalifikiri sana jambo hili. Ndege ni wa kwetu, jina ni la mgeni, na ngozi ziko ng'ambo. Sisemi alifanya vibaya kuandika alichokiona. Nasema sisi tumefanya vibaya kutoandika. Leo hatuhitaji bunduki wala kisu cha kuchunia. Kamera kuukuu yaweza kumchukua ndege na kumwacha akaruka. Katika wilaya jirani ya Missenyi, mpakani na Uganda, uko msitu wa Minziro, wenye ndege wengi wa misitu ya Kongo ambao hawaonekani mahali pengine popote katika Tanzania. Ni wangapi kati yetu, wenyeji wa mkoa huu, wanaoweza kutaja watano? Mimi mwenyewe mwaka juzi nisingaliweza kumtaja hata mmoja.

Nitasimulia jambo moja lililonipata, kisha msomaji ahukumu.

Nyumbani kwetu ni Muleba. Chini ya kibanja cha bibi yangu, ukivuka rweya, kuna bonde lenye maji na mafunjo. Desemba 2024 niliwaona huko korongo taji wawili pamoja na kifaranga wao. Korongo huyu ndiye aliye katika bendera ya Uganda, mwenye kishungi cha dhahabu kichwani. Hutaga mayai mawili au matatu katika majani ya bondeni penye maji, na mume na mke huatamia kwa zamu. Tangu mwaka 2012 wataalamu wa dunia wanamhesabu miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, hasa kwa sababu mabonde yake yanakaushwa na yeye mwenyewe anakamatwa na kuuzwa. Siku ile mimi sikuyajua hayo. Nilipiga picha sita, nne zikaharibika, mbili zikawa nzuri, nikafurahi, nikarudi shuleni. Sikumwonyesha mtu ye yote isipokuwa rafiki zangu wawili wa bwenini.

Juni 2025 niliporudi nilikuta mfereji umechimbwa katikati ya bonde, maji yamekwenda, na pande zote kuna matuta ya nyanya na kabichi. Alikuwapo korongo mmoja tu, amesimama kando ya mfereji. Desemba iliyofuata hakuwapo hata huyo mmoja.

Nilimwendea mzee mwenye shamba lile, jirani yetu, nikamwamkia, nikamwonyesha picha katika kioo cha kamera. Aliniuliza ni ya lini. Hapo nilipata aibu kidogo, kwa sababu saa ya kamera hii hutunzwa na betri nyingine ndogo kama kifungo cha shati, nayo ilikuwa imekufa, hata tarehe imerudi nyuma miaka mingi. Bahati njema nilikuwa nimeandika siku na saa katika daftari. Mzee alitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, nilidhani ni wapita njia tu. Sikujua kwamba wana mtoto. Kama ungalinionyesha kabla ya kuchimba, ningaliacha kile kipande cha chini. Hata hivyo hakizai kitu."

Maneno yale yaliniumiza kuliko kunyang'anywa kamera. Mzee yule ana watoto wa kulisha na ada ya kulipa, na nyanya zake nimezila mimi mwenyewe kwa bibi. Mwenye kosa nilikuwa mimi, niliyekuwa na habari nikaifungia katika kadi kwa miezi sita, kama mtu afichaye barua isiyo yake. Picha isiyoonyeshwa ni sawa na jicho lililofumbwa. Ndiyo sababu sasa sitaki kamera yangu ikae kabatini, wala sitaki ikae sandukuni mwangu.

Wapo wasemao kwamba kidato cha nne tuna mtihani wa taifa mwezi wa Novemba, na kwamba hizi ni anasa. Ni kweli tuna mtihani. Lakini Jumamosi alasiri hatusomi. Wengine hucheza mpira, wengine hulala, na wengine, tusidanganyane, huenda na manati kuwinda ndege hao hao. Wengine husema kwamba kamera yaweza kupiga picha mbaya na kuwaaibisha watu. Hoja hiyo ina nguvu, nami naiheshimu. Kwa hiyo siombi kamera iwe huru. Naomba iwe na kanuni.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kamera isiyo na simu ikubaliwe shuleni, lakini ikae kwa mwalimu, iandikwe katika daftari la kutolea vitu, itoke Jumamosi na kurudi jioni ile ile, naye mwalimu aangalie picha zote. Pili, kiundwe chama kidogo cha ndege. Vyama vya Malihai vimekuwamo katika shule za Tanzania tangu mwaka 1980, hivyo hatutakuwa tumezua jambo jipya. Kila picha iandikiwe siku, saa, mahali, na jina la ndege kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, tukiwauliza wazee majina tusiyoyajua. Tatu, na hili ndilo kubwa, picha zibandikwe katika ubao wa matangazo kila mwezi, na kila mwanafunzi aendapo likizo achukue picha za upande wa kwao, awaonyeshe wazazi na viongozi wa kijiji kabla mfereji haujachimbwa, si baada yake.

Gharama yake ni ndogo: betri mbili, kadi moja, na daftari. Najua katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zimo kamera kama yangu, zimelala ndani ya makabati kwa sababu simu zimezishinda. Waulizeni wazazi na wajomba zenu. Kizee hakitupwi kama bado kinaona.

Mimi nitaondoka hapa baada ya mtihani. Kamera yangu nimekwisha mwambia mjomba kwamba nataka kuiacha shuleni, naye amekubali. Lakini siwezi kuiacha mahali ambapo ikionekana itafungiwa. Basi naliomba baraza lijalo lijibu swali lile kabla kengele ya chakula haijalia. Na mwenye maoni yasiyopatana na yangu aandike katika toleo lijalo. Nitayasoma kwa moyo mweupe.

Mwanafunzi, Kidato cha IV