Majina Yapitayo Upesi: Watendakazi wa Filamu za Magharibi Chini ya Mlima Kenya

Mhakiki wa Kiafrika anapoketi kuihakiki filamu ya Kimagharibi iliyopigwa katika ardhi ya Afrika, mara nyingi huwa amekwisha kuijua hukumu yake kabla ya taa kuzimwa. Ataandika kuhusu taswira ya Mwafrika. Ataonyesha kwamba Mzungu ndiye shujaa, kwamba Mwafrika ni mtumishi au ni jambazi, na kwamba mlima, nyika na wanyama vimewekwa pale ili kuyapamba mapenzi ya wageni wawili. Kila analolisema ni kweli. Hata hivyo, ukweli huo umekaririwa katika tasnifu nyingi hivi kwamba umegeuka kuwa sala: hutamkwa bila kufikiriwa, na mwenye kuutamka huondoka ameridhika. Liko jambo moja ambalo hakulifanya. Majina ya waigizaji na watendakazi yanapopita kwenye kiwambo, mwanzoni au mwishoni, yeye huwa anaitafuta kalamu au anautafuta mlango.

Makala haya yanadai kwamba orodha hiyo ni sehemu ya matini, na kwamba mhakiki asiyeisoma hajaisoma filamu. Hadithi inaweza kumtetea mnyonge huku orodha ikimdhulumu. Hoja hii inajengwa kwa mifano kutoka Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya, pamoja na filamu chache zilizoisimulia nchi hiyo zikiwa mbali nayo.

Simba wenye majina

Filamu ya Born Free, iliyotolewa mwaka 1966, ilipigwa karibu na Naro Moru, kati ya Nyeri na Nanyuki, katika miaka ya kwanza ya Uhuru. Mwelekezi wake alikuwa James Hill. Virginia McKenna na Bill Travers, ambao walikuwa mke na mume hata nje ya mchezo, waliwaigiza Joy na George Adamson. Chanzo chake ni kitabu cha Joy Adamson kilichochapishwa mwaka 1960, kuhusu simba jike aitwaye Elsa aliyelelewa na watu kisha akarudishwa porini.

Wahakiki wameandika kuhusu Elsa. Wachache mno wameuangalia mwaka ambao hadithi hiyo inaanza. Elsa aliingia mikononi mwa akina Adamson mwaka 1956. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri. Februari 1957 akanyongwa. Wakati simba huyo alipokuwa akifundishwa kuwa huru, zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wagikuyu walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vya hali ya hatari, chini ya ulinzi na kafyu. Filamu inayolitukuza neno uhuru ilipigwa katika mojawapo ya wilaya zilizoulipia uhuru kwa gharama kubwa zaidi, na wilaya hiyo haimo ndani yake. Mlima umeingia katika picha. Watu wa mlima wamebaki nje.

Lakini kutokuwamo katika hadithi ni nusu tu ya kutokuwamo. Nusu ya pili imo katika orodha. Waafrika wawili walipewa sehemu zenye uzito: Peter Lukoye aliyemwigiza Nuru, na Omar Chambati aliyemwigiza Makedde. Nuru na Makedde walikuwa watu halisi, watendakazi katika kambi ya Adamson, na bila wao Elsa asingelelewa. Ni mhakiki gani wa Kiswahili aliyewahi kuandika ukurasa mmoja kuhusu uigizaji wa Lukoye, au wa Chambati? McKenna na Travers wameandikiwa vitabu. Wenzao wawili wamebaki mistari miwili katika orodha, na mistari hiyo haisomwi.

Wapo walio chini hata ya mistari hiyo. Majina ya simba waliotumiwa yanajulikana hadi leo: Boy, Girl, Ugas, Mara, Henrietta. Historia zao pia zinajulikana: Boy na Girl walikuwa wanyama wa fahari wa kikosi cha Scots Guards cha Uingereza, na baada ya filamu walichukuliwa na George Adamson, pamoja na Ugas, kwenda Meru. Haya ni mema. Mnyama naye ana haki ya kukumbukwa. Lakini kundi la wageni halikai kwa miezi chini ya mlima bila mikono ya wenyeji. Nani walizijenga nyua za simba hao? Nani walipika, wakachota maji, wakaendesha malori, wakatafsiri amri za mwelekezi kwa vibarua asubuhi penye baridi? Simba ana jina, ana wasifu, ana kaburi lijulikanalo. Aliyembebea nyama hana hata herufi moja. Mhakiki anayelalamika kwamba filamu za Magharibi humthamini mnyama kuliko Mwafrika ana ushahidi mzito kuliko wowote uliomo katika hadithi, naye hautumii, kwa kuwa haumo katika hadithi.

Jina lililofichwa

Watasema baadhi ya wasomi kwamba orodha ni karatasi ya karani, haina siasa, na kwa hiyo haina maana ya kuhakikiwa. Born Free yenyewe inawajibu. Mswada wa filamu hiyo ulitajwa kuwa wa Gerald L. C. Copley. Mtu huyo hakuwako. Mwandishi halisi alikuwa Lester Cole, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa watu kumi wa Hollywood waliokataa, mwaka 1947, kuijibu kamati ya bunge la nchi yao iliyowahoji kuhusu ukomunisti. Alifungwa, kisha viwanda vya filamu vikamfungia milango. Karibu miaka ishirini baadaye alikuwa bado anaandika chini ya jina la kubuni. Baadaye jina lake lilijulikana, na leo yeye ndiye anayetambuliwa kuwa mwandishi wa mswada huo.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, orodha ya majina ni matini ya kisiasa: hutungwa, huhaririwa, huficha, hudanganya. Pili, orodha inaweza kusahihishwa hata baada ya miaka mingi, mradi wawepo watu wanaodai isahihishwe. Cole alikuwa na chama cha waandishi, alikuwa na marafiki, alikuwa na wasomi wa kumtetea. Kibarua wa Naro Moru alikuwa na nani? Alipaswa kuwa na idara za fasihi, na idara hizo zilikuwa zikiandika kuhusu taswira.

Sura za kuazima

Mfano wa pili ni wa waigizaji wenyewe. Mwaka 1957, miezi michache tu baada ya Kimathi kunyongwa, Hollywood ilitoa Something of Value, filamu ya Richard Brooks kuhusu vita vya Mau Mau. Mgikuyu Kimani aliigizwa na Sidney Poitier, aliyelelewa Bahama. Mzee Njogu aliigizwa na Juano Hernández wa Puerto Rico. Mwaka 1962 ikatoka The Lion ya Jack Cardiff, iliyomshirikisha William Holden, mmoja wa walioanzisha Mount Kenya Safari Club huko Nanyuki mwaka 1959. Riwaya ya Joseph Kessel iliyozaa filamu hiyo ni ya Amboseli na Wamaasai. Kamera zikapelekwa Mlima Kenya, na moran Oriunga akaigizwa na Paul Oduor. Mwaka 1987 Harry Hook alitoa The Kitchen Toto, ambamo mhubiri Mgikuyu, baba yake kijana Mwangi, anaigizwa na Nathan Mdledle, mwimbaji maarufu wa Afrika Kusini.

Si kosa Mluo kumwigiza Mmaasai, wala mtu wa Johannesburg kumwigiza mtu wa Nyeri. Sanaa ya maigizo ni sanaa ya kuvaa ngozi ya mwingine, na anayemkataza Poitier kumwigiza Kimani lazima amkataze pia Mswahili kumwigiza Hamlet. Swali ni la mamlaka: nani huchagua, na kwa kipimo gani? Mahali ambapo Mwingereza huigizwa kwa kuzingatia lafudhi yake, tabaka lake na hata shule aliyosoma, Mwafrika huigizwa kwa rangi tu. Hilo halionekani kwa kuusoma mswada. Huonekana kwa kuisoma orodha.

The Kitchen Toto ina funzo jingine kwa mwanaisimu. Neno toto la jina lake ni Kiswahili cha jikoni cha walowezi, Kiswahili kilichokatwa kiambishi cha utu. Mtoto akapoteza m- yake, akawa kitu kikubwa kisicho na adabu, chombo miongoni mwa vyombo. Edwin Mahinda, kijana aliyemwigiza Mwangi, anaibeba filamu yote mabegani. Lakini mtazamaji anayeingia ukumbini hukutana na toto kabla hajakutana na Mwangi.

Katika miaka ya karibuni hata ardhi imeanza kuazimwa. Mfululizo wa televisheni The Crown, ulioanza mwaka 2016, unaonyesha Elizabeth akipata habari za kifo cha baba yake Februari 1952, alipokuwa katika wilaya ya Nyeri, kati ya Treetops na Sagana. Sehemu hizo za Kenya zilipigwa Afrika Kusini. Hapo kwanza mlima uliingia katika picha na watu wake wakaachwa nje. Sasa mlima nao umeachwa.

Nyatiti isiyopigwa

Mfano wa tatu unahusu sauti. John Barry, Mwingereza wa York, alipata tuzo za Oscar kwa muziki wa Born Free. Miaka ishirini baadaye alipata nyingine kwa muziki wa Out of Africa, filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985 iliyotunukiwa Oscar saba, zote zikienda kwa majina ya ng'ambo. Kwa masikio ya ulimwengu, basi, Kenya ilisikika kwa miongo miwili kupitia okestra ya mtu mmoja, na okestra hiyo ni nzuri. Hakuna haja ya kuidharau.

Lakini katika orodha ya waigizaji wa Out of Africa limo jina la Job Seda, aliyemwigiza Kanuthia. Jina hilohilo limo katika The Kitchen Toto. Job Seda ndiye Ayub Ogada, mpiga nyatiti ambaye baadaye alivuma duniani, na ambaye wimbo wake ulisikika katika The Constant Gardener mwaka 2005. Mwanamuziki huyo alikuwa ndani ya filamu iliyopata tuzo ya muziki, amevaa nguo za mtumishi. Hakuna aya yoyote ya uhakiki wa maudhui itakayoieleza hali ya msanii wa Afrika Mashariki kwa ukali kuliko mstari huo mmoja wa orodha. Ogada alifariki mwaka 2019.

Pingamizi na majibu

Wafuasi wa nadharia mpya watasimama na Roland Barthes mkononi. Mwandishi alikwisha kufa mwaka 1967, watasema. Matini ni ya msomaji, na kuwatafuta watendakazi ni kurudi nyuma. Jibu ni rahisi. Anayekufa ni yule aliyezaliwa. Ufaransa iliweza kumzika mwandishi kwa kuwa ilikuwa imemtukuza kwa karne kadhaa. Mpishi wa kambi ya Naro Moru hajazaliwa bado katika maandishi. Kumtangazia kifo ni kumzika mtu kabla hajapewa jina.

Wengine watasema kwamba filamu zilileta mkate, na kwamba kibarua alitaka mshahara, hakutaka sifa. Mshahara ni haki, wala hakuna anayeubeza. Lakini Wahenga hawakusema mnyonge alipwe akome hapo. Walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tena jina lina mazao ambayo mshahara hauna. David Gitonga alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa uelekezi katika The First Grader, filamu ya Justin Chadwick ya mwaka 2010 kuhusu mpiganaji mzee wa Mau Mau anayeingia darasa la kwanza. Miaka miwili baadaye aliielekeza Nairobi Half Life, filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania Oscar ya lugha za kigeni. Aliyetajwa jana kama msaidizi ndiye aliyetajwa leo kama mwelekezi. Asiyetajwa jana leo aanzie wapi?

Wa tatu watasema kuwa hii ni kazi ya mwanahistoria. Hao wanasahau kwamba fasihi simulizi, inayofundishwa katika kila idara, ni elimu ya kuwauliza wazee walichokifanya na walichokisema. Mwanafunzi hutumwa kukusanya vitendawili na ngano. Kwa nini asitumwe kukusanya masimulizi ya kambi ya filamu?

Hitimisho

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini Born Free ilipopigwa sasa amepita themanini. Kila mwaka unaopita unachukua sehemu ya ushahidi, na hakuna jalada la Hollywood litakaloirudisha. Viko vyuo vikuu viwili vya umma katika kaunti ya Nyeri, Karatina na Dedan Kimathi, na kutoka vyote viwili Naro Moru si safari ya siku mbili. Wanafunzi wa shahada za juu wapo, vinasa sauti vipo, lugha ya kuwahoji wazee ipo. Kilichokosekana ni profesa wa kusema kwamba jina la mpishi, la dereva na la mfasiri ni maarifa yanayostahili tasnifu.

Mpaka hapo itakapofanyika kazi hiyo, makala kuhusu taswira ya Mwafrika katika filamu ya Magharibi yapumzishwe. Mhakiki anayemshtaki mwelekezi wa kigeni kwa kumfanya Mwafrika asiye na jina, huku yeye mwenyewe hajui jina hata moja, anarudia kosa analolishtaki, tena kwa Kiswahili fasaha.