Mnunuzi Hanunui Mng'aro

Vijana wanaojua kukereza chuma hawakosekani Kitale wala Bungoma: wapo vyuoni, wapo jua kali. Kinachokosekana ni kipimo. Mnunuzi wa viwandani, awe wa sukari pale Nzoia, ambako miwa ilianza kusagwa 1978, au wa unga Kitale, hanunui mng'aro.

Chukua shafti ya milimita 50 itakayovishwa beringi. Ruhusa ya kukosea haifikii hata unene wa unywele: yapata 0.02 ya milimita. Basi mwanafunzi akiipima ingali moto, joto lake likizidi la karakana kwa nyuzi 30, chuma chenyewe kimekwisha kutanuka kiasi hicho hicho. Ikipoa, hupungua, beringi ikalegea, mtambo ukasimama, na fundi wetu haitwi tena.

Ndugu walimu, mbona twasahihisha kwa jicho? Nimeingia karakana yenye kerezo nne na mikromita moja, nayo imefungiwa kabatini isiibwe! Kabla ya kuomba mashine nyingine, vyuo vinunue mikromita moja kwa kila wanafunzi wawili, na alama zisitolewe mpaka chuma kipoe.