Msomi wa Uongozi wa Biashara Huandaliwa Tangu Darasa la Tano

Mtu akiulizwa ni wapi mwanafunzi huandaliwa kwenda kusomea uongozi wa biashara katika chuo kikuu, aghalabu atataja kidato cha tano na cha sita, pamoja na masomo ya uchumi, biashara na utunzaji wa hesabu. Jibu hilo si la uongo, lakini limechelewa. Maoni yetu ni kwamba mwanafunzi huyo huandaliwa, au huharibiwa, katika shule ya msingi; na kwamba mwenye dhamana hiyo ni mwalimu wa daraja hilo, yaani wewe mwanachuo unayejitayarisha kwenda kushika chaki.

Njia ya kumfikisha huko imekwisha tengenezwa. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu. Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, Mzumbe, kilianzishwa mwaka 1972 na kufanywa chuo kikuu mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua kitivo chake cha biashara na uongozi mwaka 1979. Mtoto wa Mbuba, wilayani Ngara, anaweza kuifuata njia hiyo kama mwingine yeyote. Linalobaki ni kujua anakwenda kutafuta nini.

Nia ya kiti na nia ya swali

Vijana wengi husukumwa na nia tunayoweza kuiita nia ya kiti. Wanatamani ofisi, mshahara na kulikimbia jembe. Hatuwalaumu, kwa kuwa kuukimbia umaskini si dhambi. Hata hivyo, nia ya kiti haimwelekezi mtu namna ya kusoma. Kijana huyo anapokutana na mizania, takwimu na sheria za mikataba, tena kwa Kiingereza, hukariri ili afaulu. Na akisha kufaulu, husahau.

Nia ya pili ni nia ya swali. Hii ni ya mtoto aliyeona jambo katika maisha ya kwao, likamkera, akataka kujua sababu yake. Maswali ya namna hii ni mengi mno mkoani Kagera. Tuchukue mfano wa butura, yaani desturi ya kuuza kahawa ingali mtini, mara nyingine ikiwa bado maua. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini shida ndiyo inayoilisha.

Hebu mwalimu wa hesabu aiandike ubaoni, kwa tarakimu za mfano tu. Mwezi Januari mkulima anahitaji fedha za sare na madaftari. Anapokea shilingi 40,000, na kuahidi kutoa kilo 50 za kahawa mwezi Juni. Ifikapo Juni bei ni shilingi 1,500 kwa kilo. Kahawa yake basi ina thamani ya shilingi 75,000. Kwa kutumia shilingi 40,000 kwa miezi mitano, amelipa shilingi 35,000 zaidi, yaani asilimia 87.5.

Hapo wanafunzi watashtuka, na mshtuko huo ndio mwanzo wa elimu. Mwalimu asiishie hapo kwa kumlaani mnunuzi. Aulize: mkulima angepata wapi fedha nyingine mwezi Januari? Mnunuzi naye alibeba hatari gani endapo bei ingeshuka au mvua ingeharibu mavuno? Kama wakulima ishirini wangeweka akiba pamoja, wangehitaji kanuni zipi? Maswali haya ndiyo yanayofundishwa chuo kikuu kwa majina makubwa. Jambo moja la kuangalia: mfano usichukuliwe kamwe kutoka nyumbani kwa mwanafunzi yeyote, ili asiwepo mtoto atakayeaibishwa kwa shida ya wazazi wake.

Shamba la shule na daftari lake

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, haikutaka watoto walime tu. Ilitaka washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao na waone uhusiano uliopo kati ya kazi na manufaa. Lakini katika shule nyingi jembe lilikwenda kwa mwanafunzi na daftari likabaki kabatini mwa mwalimu. Mtoto alipanda, alipalilia, alivuna, kisha mavuno yakatoweka machoni pake. Alichojifunza ni kwamba kazi ni adhabu na hesabu ni siri ya wakubwa. Basi tusishangae akiuchukia ukulima na kukitamani kiti.

Tulipindue jambo hilo. Tuseme darasa la sita limepanda maharage. Limenunua mbegu kilo 10 kwa shilingi 20,000, mbolea kwa shilingi 15,000 na magunia kwa shilingi 2,000. Limevuna kilo 60 na kuziuza shilingi 1,800 kila kilo. Mapato ni shilingi 108,000, gharama ni shilingi 37,000, na ziada ni shilingi 71,000. Wanafunzi watashangilia. Ndipo mwalimu awakumbushe kwamba wanafunzi 30 walifanya kazi saa 10 kila mmoja, yaani saa 300 kwa jumla. Wagawe. Watapata kama shilingi 237 kwa saa moja. Je, hiyo ni faida au ni hasara iliyovaa nguo ya faida? Ingekuwaje kama maharage yangehifadhiwa hadi bei ipande? Na wadudu je, wangekula kiasi gani?

Kazi hii yahitaji mambo matatu. Kwanza, daftari la mapato na matumizi litunzwe na wanafunzi wenyewe, kwa zamu, wasichana sawasawa na wavulana, na kila fedha iwe na stakabadhi yake. Pili, kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe mbele ya darasa, na bakaa ilinganishwe na fedha zilizopo. Tatu, darasa liamue matumizi ya ziada kwa hoja na kura, na mwalimu aheshimu uamuzi huo. Mtoto aliyepitia hayo kwa miaka miwili ameelewa mtaji, gharama, faida na dhamana kwa Kiswahili, lugha anayoifikiria. Akikutana nayo baadaye kwa Kiingereza, atakuwa anatafuta jina tu. Maana anayo tayari.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba vipindi havitoshi. Lakini faida na hasara, asilimia na riba zimo tayari katika hesabu za madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tunachoomba ni mifano itoke Mbuba badala ya kutoka hewani.

Wengine watasema kwamba wachache tu ndio watakaofika chuo kikuu, basi kwa nini wote wafundishwe? Hoja hii ni nzito zaidi, na jibu lake limo katika historia yetu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na uongozi mbovu ulikuwa miongoni mwa lawama zilizoviandama. Meneja msomi peke yake hawezi kukiokoa chama ambacho wanachama wake hawawezi kusoma hesabu zake. Anayebaki kijijini anahitaji daftari kama anayekwenda chuoni, ili amwulize maswali yule aliyekwenda. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena tusisahau kwamba Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sharti hilo liliachwa baadaye, lakini hekima yake haikuachwa: mtu huelewa nadharia upesi anapokuwa na jambo alilolitenda la kuilinganisha nalo. Wanafunzi siku hizi huweza kuingia chuoni moja kwa moja kutoka sekondari. Ikiwa hawakupewa dhamana ya kweli wakiwa shuleni, wataipatia wapi?

Ndugu mwanachuo, utakapopangiwa shule, huenda ukakuta haina maktaba wala umeme. Shamba huenda lipo, na daftari la kurasa mia moja halikosekani. Ukilifungua daftari hilo mbele ya watoto, ukaruhusu tarakimu zako mwenyewe zihojiwe, utakuwa umewafundisha sehemu ya uongozi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kutoa hesabu kwa wale unaowaongoza. Ukilifungia kabatini, hotuba zako zote juu ya bidii na chuo kikuu hazitazaa ila nia ya kiti.