Laptopu yako kuukuu inatosha, acha kungoja

Kama unasomea kompyuta pale chuo cha kiufundi cha Sigalagala, au popote nchini, huenda umewahi kujiambia hivi: nikipata doo ya kununua Raspberry Pi, ndipo nitaanza kuunda programu za vifaa vidogo. Kwa maoni yangu, hapo unapoteza muhula mzima bure.

Shida unaijua. Laptopu nyingi za mtumba zina prosesa ya Intel au AMD. Simu iliyo mfukoni mwako, sawa na Raspberry Pi, hutumia ARM. Lugha hizo mbili hazisikizani. Lakini Linux ina dawa, tena ya bure.

Kwanza kuna chroot, iliyoanza kwenye Unix mwaka wa 1979. Unatenga folda moja, unaweka ndani yake Debian ya ARM kwa debootstrap, kisha unaingia humo kana kwamba ndiyo kompyuta yote. Pili kuna QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mnamo 2003. Si umeona mhubiri mgeni akiongea Kiingereza, na mtu kando yake akigeuza kila sentensi kwa Kiidakho? QEMU ndiye huyo mkalimani. Nayo binfmt_misc, iliyo ndani ya kerneli, ni bawabu. Inasoma baiti za mwanzo za faili. Ikiona ni ya ARM inamwita mkalimani, ikiona ni ya Intel faili inapita yenyewe. Ndiyo maana programu za aina mbili huishi chumba kimoja bila kugombana.

Usidanganyike, ukalimani una bei. Kukompaili programu kubwa kupitia QEMU huchukua muda mrefu sana. Ujanja ni kutumia kompaila ya Intel inayotoa faili za ARM, na QEMU ubaki nayo ya kujaribia tu. Pia, chroot si jela: mwenye mamlaka ya root ndani anaweza kutoroka, kwa hivyo usiingize programu usiyoiamini.

Ni kweli, siku ya kuunganisha nyaya na sensa utahitaji kifaa chenyewe. Lakini utakigusa ukiwa tayari unajua kazi, si ukianza sifuri.

Bando ni ghali, najua. Basi mmoja wenu apakue, aweke kwenye flashi, wengine mnakili. Anzeni wiki hii.