Kutoka ni Rahisi, Tuulizane Kurudi



Kila mwaka unapokaribia mwisho, hapa kwetu Jeppestown huanza tena mazungumzo yale yale: jumuiya ifanye matembezi ya siku moja, na safari hii tuvuke mpaka tukaone mji mkuu wa majirani. Vijana hutaja Maputo kwa sababu ya bahari. Kina mama hutaja Maseru au Mbabane. Wazee hunyamaza wakisubiri kuambiwa mchango ni kiasi gani. Mimi ni mmoja wa wanaozipenda safari hizi, nami nachagua Gaborone. Lakini yafaa niseme waziwazi jambo ambalo naona tunalizunguka kila mwaka: sisi twapanga safari kwa kilomita, na mpaka hauulizi kilomita. Huuliza karatasi.

Nianze na kilomita, maana hizo ndizo nyepesi. Kutoka Johannesburg hadi Gaborone ni kama kilomita 360, na Mbabane ni karibu sawa na hapo. Maseru ni kama 400. Maputo ni kama 550, na yeyote asemaye kwamba atakwenda Maputo, ale kamba, aogelee, kisha alale kwake Jeppe usiku ule ule, huyo hajapata kushika usukani. Maputo ni safari ya kulala.

Gaborone yawezekana kwa siku moja. Gari liondoke saa tisa ya usiku, lishike barabara ya N4 kupitia Rustenburg, Swartruggens, Groot Marico hadi Zeerust, kisha liiache na kuendelea mpaka Kopfontein. Ng'ambo yake ni Tlokweng, na mji uko karibu. Saa hazibadiliki, maana Botswana na Afrika Kusini zafuata saa moja. Mkiingia mjini saa tatu asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri, mna saa sita za kutembea. Madereva wawe wawili. Tena mpaka wa Kopfontein haukeshi wazi kama ule wa daraja la Maseru. Ulizeni saa ya kufungwa wiki ile ile ya safari.

Je, Gaborone kuna nini? Baadhi yetu husema ni mji mdogo usio na kitu. Mimi nasema ni mji wenye somo. Zamani za Waingereza, nchi ile ilitawaliwa kutoka Mafikeng, mji ulio nje ya mipaka yake, huku Afrika Kusini. Wenyewe walipokaribia uhuru hawakuwa na mji mkuu ndani ya nchi yao. Ujenzi wa Gaborone ukaanza mwaka 1964, na uhuru ukapatikana tarehe 30 Septemba 1966. Kuna sanamu za machifu watatu, Khama III, Sebele I na Bathoen I, ambao mwaka 1895 walisafiri hadi Uingereza kukataa nchi yao isitiwe mikononi mwa kampuni ya Cecil Rhodes. Pia makao makuu ya SADC yako Gaborone, na tangu mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019, Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za jumuiya hiyo. Watoto wetu wanaoona haya kusema Kiswahili ndani ya teksi, na wapelekwe pale waambiwe hivyo.

Sasa nije kwenye karatasi. Katika gari moja la kwetu huweza kuketi mtu wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, wa Kigoma na wa Uvira. Chakula chetu ni kimoja na lugha ni moja, lakini karatasi zetu hazifanani hata kidogo. Mmoja ana uraia wa hapa. Mwingine ana kibali cha kazi. Wa tatu ameingia kwa siku 90 za mgeni. Wa nne ana kibali cha mwombaji wa hifadhi. Kwa wa kwanza, Gaborone ni matembezi. Kwa wa nne, yaweza kuwa mwisho wa maisha yake ya Johannesburg.

Nasema hivi kwa sababu Sheria ya Wakimbizi ya 1998, katika kifungu chake cha 22, yasema kwamba kibali cha mwombaji hifadhi hufa pale mwenyewe anapotoka nchini bila idhini. Hakuna tofauti kati ya kutoka kwa saa sita na kutoka kwa miaka sita. Aliyekwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi aweza kuomba hati yake ya kusafiria, lakini hiyo huombwa mapema. Haipatikani kwa wiki moja.

Kisha kuna uvumi wa muhuri. Bado nasikia watu wakishauriana: vuka asubuhi, gonga muhuri, rudi jioni, umepata siku 90 mpya. Uvumi huo uzikwe. Tangu kanuni za mwaka 2014, mgeni anayekwenda nchi jirani na kurudi hupewa siku zilizobaki katika ruhusa yake ya kwanza, basi. Wakenya, ambao tangu tarehe 1 Januari 2023 huingia bila viza, wakumbuke kuwa siku zao 90 ni za mwaka mzima. Na mtu aliyepitiliza siku zake hugunduliwa pale pale anapotoka. Akipitiliza chini ya siku 30 aweza kuzuiwa kurudi kwa miezi 12. Akizidi siku 30, miaka mitano. Basi safari ya kutafuta muhuri humpeleka mtu kwenye dawati lile lile ambalo alikuwa analikimbia.

Watoto nao wana yao. Kanuni ya vyeti kamili vya kuzaliwa ilianza tarehe 1 Juni 2015, na baadaye ililegezwa kwa watoto wa kigeni. Hata hivyo, mimi nasema kila mtoto abebe cheti chake chenye majina ya wazazi wote wawili, na kama mzazi mmoja habari yake ni kubaki nyumbani, awepo na barua yake ya ridhaa iliyoapiwa. Gari lenye deni benki lahitaji barua ya benki. Nyama mbichi iachwe nyumbani. Chapati na chupa ya chai havijapata kumzuia mtu mpakani.

Tusidhani kwamba haya ni mapya katika njia ile. Mwezi Januari 1962 Nelson Mandela alitoka nchi hii bila pasipoti, akapitia Lobatse katika Bechuanaland, ndiyo Botswana ya leo, mpaka Mbeya na Dar es Salaam. Serikali ya Tanganyika ndiyo iliyompa hati ya kumruhusu atoke kule na kurudi tena. Alipokamatwa mwezi Agosti mwaka ule, moja ya makosa aliyoshtakiwa lilikuwa kutoka nchini bila karatasi halali, na kwa hilo peke yake alifungwa miaka miwili. Wazee wetu walijua thamani ya hati yenye neno "kurudi". Nasi tuijue.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Matembezi ya jumuiya nzima, yanayolipiwa na mfuko wetu wa pamoja, yabaki ndani ya nchi: Hartbeespoort penye maji, au Freedom Park kule Pretoria. Huko kila mtu atakwenda na kila mtu atarudi. Safari ya Gaborone iwe ya pili, ya hiari, kila familia ijilipie, na mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe kila msafiri amwonyeshe karatasi zake mzee mmoja tunayemwamini. Mzee huyo azitazame faraghani, atoe ushauri, afunge mdomo wake.

Najua litakalosemwa: kwamba nawagawa watu, wenye pasipoti huku na wasio nazo kule. Hapana. Mgawanyo huo upo tayari, sisi hatukuufanya. Tukiuficha, utajitokeza Kopfontein kwenye foleni, mbele ya watoto, baba mmoja akitolewa pembeni na wenzake wakiangalia viatu vyao. Afadhali ujulikane mapema, chumbani, kwa heshima. Wala haifai mfuko ambao mwenzetu wa kibali huuchangia kila mwezi ulipie safari asiyoweza kwenda.

Waswahili wamesema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama yetu kwa sasa ni Jeppestown, pamoja na kelele zake zote. Kamati itakapokutana kupanga matembezi ya mwaka ujao, naomba swali la kwanza lisiwe "Twende wapi?" Liwe "Nani hataweza kurudi?" Jibu likishapatikana, kuchagua mji kutakuwa kazi ya dakika tano.