Majina ya Mashujaa Wetu Yatatunzwa na Nani?

Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi, wazazi na vijana pamoja, juu ya jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku likosekanapo. Nalo ni kulihifadhi jina la mtu aliyewafanyia watu wake jambo la kusifika.

Mfano wetu wa kwanza twauchukua mbali, katika nchi ya Meksiko, ambako mieleka hupendwa na umma. Mwaka 1933 Salvador Lutteroth aliunda huko kampuni ya mieleka ya kulipwa ambayo ipo mpaka leo. Wanamieleka wengi wa nchi hiyo huvaa barakoa zinazofunika uso mzima, na barakoa ndiyo heshima ya mwenyewe. Wawili wakiziwekea dau barakoa zao, atakayeshindwa hana budi kuivua yake mbele ya watu na kulitaja jina lake la kuzaliwa. Mwaka 1992 Antonio Peña aliunda kampuni nyingine iitwayo AAA. Alifariki mwaka 2006, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaanzisha orodha ya heshima ya mashujaa, ambamo huingizwa majina ya watu walioukuza mchezo huo. Jina la Peña mwenyewe likawa miongoni mwa ya kwanza.

Twajua kuwa katika wasomaji wetu wamo watakaouliza habari ya mchezo wenyewe. Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 1987, lilikataza ndondi na mieleka ile ambayo kila mmoja ana ruhusa ya kumdhuru mwenziwe, likaruhusu mieleka ya mazoezi isiyo na madhara. Basi hapa hatuwaiti vijana kwenye ulingo. Twaitazama desturi ile ya kutunza majina, tuone lililo na faida kwetu.

Katika wanamieleka wa Meksiko hakuna aliyejulikana kuliko El Santo, aliyezaliwa kwa jina la Rodolfo Guzmán Huerta. Alicheza kwa miaka mingi bila ya kuvuliwa barakoa yake ya rangi ya fedha, akaigiza katika filamu zaidi ya 50, na alipofariki mwezi wa Februari 1984 alizikwa nayo usoni. Mwanawe mmoja naye alivaa barakoa kama ile na kujiita Mwana wa El Santo. Tangu siku hiyo kila alipopanda ulingoni alilibeba jina la baba yake mbele ya watu waliomjua baba.

Mtu wa Uluguru akisikia habari hii hatastaajabu. Kule Kinole, upande wa mashariki wa milima yetu, jina la Kingalu limerithiwa na watawala wengi, mmoja baada ya mwingine. Anapofariki Kingalu, mrithi wake huitwa Kingalu. Tofauti ni kwamba yule wa Meksiko alirithi kwa baba, na Waluguru hufuata ukoo wa mama. Lakini maana ni moja: anayepewa jina hupewa pamoja na deni, kwa kuwa akifanya aibu, aibu huwapata wote waliolishika kabla yake. Mjini Morogoro soko kuu linaitwa Soko la Chifu Kingalu, na hata mtoto aliyetumwa mchicha hulitaja jina hilo bila ya kuhimizwa na mtu.

Basi twajiuliza: ikiwa milima hii imejua kulitunza jina la mtawala kwa vizazi vingi, mbona majina ya wanamichezo wetu yanatuponyoka katika kizazi kimoja tu? Ligi ya taifa ya mpira ilianza mwaka 1965, na kwa miaka kumi ubingwa haukutoka Dar es Salaam. Mwaka 1975 ulitoka, ukaja hapa Morogoro, ukachukuliwa na Mseto. Ndiyo timu ya kwanza ya nje ya Dar es Salaam kuwa bingwa wa Tanzania. Leo Mseto haimo katika ligi kuu. Mwulize kijana wako majina ya wachezaji wa Ulaya, atakutajia kumi na mmoja na wa akiba. Kisha mwulize majina matatu tu ya waliouleta ubingwa ule Morogoro, ukayasikilize majibu. Asipojua, usimlaumu yeye, kwani hakuna azaliwaye akiyajua ya kabla yake. Mwenye lawama ni yule aliyejua akanyamaza.

Wala tusidhani kwamba wa kutunzwa ni mshindi peke yake. Katika mji mkuu wa nchi hiyo hiyo ya wanamieleka, Mexico City, zilichezwa Olimpiki za mwaka 1968. Katika mbio za marathoni walianza watu 75. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Zaidi ya saa moja baadaye, jua limekwisha kuzama na wengi wa watazamaji wamekwenda zao, aliingia uwanjani John Stephen Akhwari wa Tanzania, goti limefungwa bendeji kwa ajili ya kuanguka njiani. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliomaliza. Wenziwe 18 waliacha. Mwaka 1983 taifa lilimpa nishani ya ushujaa. Watu wengi duniani wasiomjua aliyeshinda siku ile wanamjua Akhwari. Kwa nini? Kwa sababu aliimaliza kazi aliyotumwa, katika saa ambayo hakuna ambaye angemlaumu kwa kuiacha.

Wako watakaosema kwamba sifa humharibu mtu, na wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli, lakini methali hiyo yaonya juu ya sifa za kupindukia anazopewa mtu aliye kazini. Kuandika kwa haki lililotendwa ni ushahidi, na ushahidi hauwi kiburi. Hatari iko pengine. Kampuni inapowachagua mashujaa wake yenyewe, mchaguzi ndiye mfanya biashara, na huenda akamtukuza anayemwuzia tiketi. Kwa hiyo orodha ya heshima yataka masharti: iandikwe kwa ushahidi wa watu zaidi ya mmoja, fedha wala ujamaa visimwingize mtu, mwenendo wa mtu utazamwe pamoja na ushindi wake, na aheshimiwe angali hai, asingojewe mpaka ahutubiwe kaburini asikosikia.

Kazi hii haihitaji jumba la mawe ndipo ianze. Kijana aliyeushangilia ubingwa wa 1975 akiwa na miaka 20 sasa ni mzee wa miaka 70 hivi. Nendeni kwake na daftari, enyi vijana, mkaandike nani alilinda lango, nani alifunga, mazoezi yalifanywa wapi, na nani alifua jezi. Picha zilizomo makabatini ziandikwe nyuma majina na mwaka, kwani picha isiyo na jina baada ya miaka 50 ni ya mtu asiyejulikana. Akina mama, ambao katika Uluguru ndio shina la ukoo, wayataje majina hayo watoto wakisikia. Walimu wa Mgeta, Matombo na Kinole waweza kuifanya kuwa kazi ya likizo. Na siku moja ingependeza majina yaliyohakikishwa yaandikwe juu ya ubao katika Uwanja wa Jamhuri, ayasome kila mtoto aingiaye kucheza.

Husemwa kwamba chema chajiuza. Huenda kikajiuza, lakini hakijiandiki. Jina la aliyetutangulia ni amana mikononi mwetu, na wanaoweza kutusimulia habari zake wanapungua kila mwaka. Basi anzeni mwezi huu, kabla mlango wa mzee mmoja haujafungwa. Wabillahi taufiki.