Yaya wa Nairobi na wa Riyadh: Nani hulipwa zaidi?

KILA mara jeneza la mfanyakazi wa nyumbani linapowasili uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kutoka Saudi Arabia, swali lile lile huulizwa bungeni, kanisani na msikitini: mbona wasichana hawa wangali wanakwenda? Huulizwa kana kwamba ni fumbo. Ilhali anayepanga foleni kutafuta pasipoti huwa ameshapiga hesabu yake kitambo, na hesabu hiyo si ya kijinga.

Kwanza Kenya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimtengi yaya na wafanyakazi wengine. Ana haki ya siku moja ya mapumziko kila juma, siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka, na miezi mitatu ya likizo ya uzazi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024 ilimweka katika daraja moja na vibarua wa kawaida, ikaagiza kwamba katika miji mikuu kama vile Nairobi na Mombasa asilipwe chini ya Sh16,113.75 kwa mwezi. Kazi yake haipaswi kuzidi saa 52 kwa wiki.

Saudi Arabia nayo ilimwacha nje mfanyakazi wa nyumbani ilipotunga sheria yake ya leba mwaka 2005. Yeye hutawaliwa na kanuni za pekee, ambazo zilitolewa mara ya kwanza mwaka 2013. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinasema asifanye kazi zaidi ya saa 10 kwa siku na apewe saa 24 za mapumziko kila wiki. Kima cha chini cha mshahara kwa mgeni hakipo. Raia wa nchi hiyo aliyeajiriwa katika kampuni ya kibinafsi hahesabiwi kikamilifu katika mgao wa ajira za wenyeji, tangu 2021, asipolipwa angalau riyali 4,000. Mgeni hana kipimo kama hicho.

Kwa hiyo mshahara wa yaya huko huamuliwa na kandarasi, na kandarasi huamuliwa na pasipoti. Serikali ya Ufilipino ilikaa kitako na Saudi Arabia, na kufikia mwaka 2013 ilikuwa imekubaliwa kwamba Mfilipino hatalipwa chini ya dola 400 za Marekani, yaani riyali 1,500. Shirika la Amnesty International, katika ripoti yake ya Mei 2025 iliyotokana na mahojiano na zaidi ya wanawake 70 wa Kenya waliofanya kazi nchini humo, lilipata kwamba mshahara wao wa wastani ulikuwa riyali 900. Nyumba ni zile zile na ufagio ni ule ule.

Riyali 900 ni takriban Sh31,000. Mtu akiziweka kando ya Sh16,113 za Nairobi, ataona Riyadh inalipa karibu maradufu. Lakini ripoti iyo hiyo ilieleza kwamba wengi walifanya kazi zaidi ya saa 16 kwa siku, baadhi yao bila siku hata moja ya kupumzika. Saa 16 kwa siku 30 ni saa 480 kwa mwezi, na Sh31,000 zikigawanywa kwa saa hizo, kila saa ina thamani ya Sh65 hivi. Mshahara wa kisheria wa Nairobi, ukigawanywa kwa saa 52 za kila wiki, ni zaidi ya Sh71 kwa saa. Kwa kipimo hiki sheria ya Kenya inamlipa yaya vizuri kuliko tajiri wa Riyadh anavyomlipa.

Hapo ndipo mjadala wa wanasiasa hukomea, na hapo ndipo msichana wa Bungoma au Kilifi huwaacha wakizungumza. Yeye hajawahi kuziona Sh16,113. Katika mitaa mingi ya Nairobi, yaya anayelala kwa mwajiri hupokea nusu ya kiasi hicho, au pungufu. Huamka kabla ya watoto wa shule na hulala baada ya mwenye nyumba kumaliza kutazama taarifa ya habari. Kikombe kikivunjika, bei yake hukatwa katika mshahara. Tuseme analipwa Sh8,000 na anafanya kazi saa 15 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Anapata takriban Sh20 kwa saa.

Kwa msingi huo, Sh65 za Riyadh ni zaidi ya mara tatu. Na kwa kuwa chakula na malazi ni vya mwajiri katika nchi zote mbili, kinachohesabiwa ni kibunda kinachobaki baada ya kandarasi ya miaka miwili. Nairobi ni Sh192,000, pesa ambazo huja kwa vijisehemu na kuishia katika karo na dawa. Riyadh, iwapo mwajiri atalipa, ni zaidi ya Sh740,000. Kiasi hicho hununua ploti au hujenga nyumba ya mabati ya mama. Kama mshahara wa kisheria ungelipwa Nairobi, angepokea Sh386,730 kwa muda huo, pasipo kupanda ndege. Pengo hilo lingalipo, ila lingekuwa limepungua kiasi cha kumfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kumwachia nyanya mtoto wa mwaka mmoja.

Mbona basi sheria haitekelezwi? Sababu moja ni kwamba kazi yenyewe imejificha ndani ya nyumba za watu, na afisa wa leba hawezi kubisha hodi sebuleni jinsi anavyoingia kiwandani. Nyingine haisemwi sana: waajiri wengi wa yaya nao ni wafanyakazi wa mishahara midogo. Karani au mhudumu wa duka anayeondoka nyumbani alfajiri hawezi kumlipa mtu mwingine Sh16,113 ilhali yeye mwenyewe hapati mara mbili ya hizo. Udhuru huo hauwafai wakubwa. Wengi wa wanaopaza sauti dhidi ya ukatili wa Waarabu wana yaya jikoni mwao, na ni nadra kuulizwa wanamlipa kiasi gani.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho yaya wa Nairobi anacho na ambacho hesabu hizi haziwezi kukipima. Anaweza kuondoka. Kila Januari waajiri huhangaika kwa simu kwa sababu msichana aliyekwenda nyumbani kwa Krismasi hakurudi, au aliomba ruhusa ya Jumapili akatoweka na mkoba wake. Waajiri huuita utovu wa shukrani. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo silaha pekee aliyo nayo, na humzuia mwajiri kuvuka mipaka fulani.

Riyadh silaha hiyo hana. Mwajiri huwa ametoa maelfu ya riyali kwa mawakala kabla yaya hajatua, na wako wanaojiona wamenunua mtu, si huduma. Kibali chake cha kuishi nchini kimefungamanishwa na mwajiri. Mageuzi ya Machi 2021, yaliyowapa wafanyakazi wengi wa kigeni uhuru wa kubadilisha kazi, hayakumgusa yaya. Kanuni humruhusu kuhama katika hali chache, mathalani akinyimwa mshahara, lakini aliyepokonywa simu na pasipoti atalalamika kwa nani? Akitoroka na mwajiri akapiga ripoti, yeye ndiye hugeuka mhalifu. Mwaka 2021 Wizara ya Mashauri ya Kigeni iliambia kamati ya bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia katika muda wa takriban miaka miwili, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa nyumbani. Vifo vingi viliandikwa kuwa vilitokana na mshtuko wa moyo.

Kenya imewahi kujaribu marufuku. Mwaka 2014 ilifuta leseni za mashirika 930 ya uwakala, kisha ikalegeza kamba mwaka 2017. Katika kipindi hicho safari hazikukoma, zilipitia tu njia za mafichoni ambako hakuna kandarasi wala anwani. Tangu Septemba 2022 serikali ya Rais William Ruto imefanya kazi za ng'ambo kuwa sera ya wazi, na si ajabu: mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Wizara ya Leba sasa ndiyo inayopaswa kudai masharti bora Riyadh, na ndiyo inayopaswa kukagua mishahara Nairobi. Kazi ya kwanza Manila iliifanya zaidi ya mwongo mmoja uliopita. Ya pili haihitaji kibali cha mfalme yeyote.

Saudi Arabia, pamoja na lawama zote, ilianza Julai 2024 kuwalazimisha waajiri kupitisha mshahara wa yaya katika benki au mkoba wa kidijitali, na kufikia Januari 2026 agizo hilo lilikuwa limepangwa kuwagusa waajiri wote. Kenya mshahara wa yaya aghalabu hupitia M-Pesa, na Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri kutunza kumbukumbu za malipo. Rekodi ipo katika simu ya kila mmoja wao. Kwa kawaida husomwa mara moja tu, mbele ya hakimu, baada ya yaya kufutwa kazi na kupata wa kumwandikia mashtaka.